Panya, Tauni na Huruma: Historia Fupi kutoka Milima ya Usambara

Mwaka 1980 ugonjwa wa tauni ulizuka wilayani Lushoto. Huo ndio mlipuko wa kwanza wa ugonjwa huo kuandikwa katika wilaya hiyo, ingawa tauni yenyewe haikuwa ngeni katika nchi yetu, kwa maana Robert Koch aliitambua huko Kiziba, upande wa Bukoba, mwishoni mwa karne ya 19. Tangu mwaka 1980 hadi 2004 waliandikwa Lushoto wagonjwa 7,603, na kati yao 577 walifariki. Wachungaji waliotumika katika sharika za milimani miaka ile wanajua maana ya hesabu hizo kuliko mwandishi yeyote, kwa sababu wao ndio waliozika.

Makala hii haikusudii kuyarudia masimulizi ya misiba hiyo. Inatazama upande mwingine wa historia hiyohiyo, upande ambao hausemwi sana: panya waliokamatwa, kupimwa na kuuawa ili tauni ijulikane. Wapo watakaotabasamu wakisoma maneno haya. Kuuliza habari za maumivu ya panya katika wilaya iliyozika watu mamia kwa sababu ya panya huonekana kama anasa ya watu walioshiba. Hata hivyo naamini swali hilo ni la theolojia, tena ni la zamani kuliko maabara.

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Tauni huletwa na bakteria aliyetambuliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894. Bakteria huyo huishi katika wanyama wagugunaji, na viroboto wao ndio wanaomchukua na kumpeleka kwa mwanadamu. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kwamba viroboto wauawe kwanza, ndipo panya. Panya akifa mbele, viroboto wake wenye njaa humtafuta mtu aliyelala karibu. Ili kujua ni panya gani wenye kuchukua ugonjwa, watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo cha Morogoro, walitega mitego nyumbani, mashambani na kando ya misitu. Mnyama aliyenaswa hulazwa kwa dawa ya usingizi, viroboto wake huchanwa kwa brashi, damu yake hutolewa, na mara nyingi huuawa ili wengu na ini vichunguzwe. Kisha, kwa desturi ya zamani ya elimu hii duniani kote, tishu zenye mashaka zilidungwa katika panya weupe au simbilisi wa maabara, na wataalamu wakangoja. Simbilisi akifa, jibu limepatikana.

Hapo ndipo palipo na uzito. Panya wa shambani hufa kwa sababu amekutwa mahali pa ugonjwa. Mnyama wa maabara hakukutwa mahali popote, bali alizalishwa na kulishwa kwa mkono wa mtu, akatiwa ugonjwa kwa makusudi ili kifo chake kiwe ushahidi. Je, mwanadamu anaruhusiwa?

Martin Luther hakuwafahamu bakteria, lakini aliifahamu tauni. Mwaka 1527, ugonjwa ulipokuwa Wittenberg, alitoa barua yake mashuhuri juu ya swali kama Mkristo aweza kuikimbia tauni. Humo anawakemea wanaodharau dawa wakidhani kwamba huko ni kumtegemea Mungu. Kwake, kutumia dawa, kufukiza nyumba na kujitenga pasipo lazima ya kuhudumu ni wajibu wa upendo kwa jirani. Kwa msingi huo siwezi kuungana na wale wanaotaka kila utafiti wa wanyama ukomeshwe leo. Aliyetega mtego akamchunguza panya alimtumikia jirani yake. Lakini Luther huyohuyo, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anaanza maelezo ya kanuni ya imani kwa kumweka mwanadamu pamoja na viumbe vyote vilivyoumbwa. Hatukuumbwa peke yetu, na mkono ulioturuhusu kutumia viumbe haukutuachia tuvitumie kama mawe. Mithali sura ya 12 inaupima uadilifu wa mtu kwa namna anavyouangalia uhai wa mnyama wake. Maneno hayo hayakuwekewa sharti kwamba mnyama awe mzuri au awe na thamani sokoni.

Tena msomaji akumbuke 1 Samweli sura ya 5 na ya 6. Wafilisti walipigwa kwa majipu, nao makuhani wao wakashauri kwamba sanduku la agano lirudishwe pamoja na sanamu tano za majipu na sanamu tano za panya, zote za dhahabu. Wafasiri wengi wameiona tauni katika habari hiyo. Mimi hupenda kuwaonyesha wanafunzi jambo dogo zaidi: panya walioiharibu nchi walihesabiwa katika sadaka. Hawakusahauliwa.

Katika historia ya Kanisa letu sauti juu ya jambo hili ilitoka Württemberg. Mchungaji Christian Adam Dann alichapisha mwaka 1822 kijitabu cha kuwatetea wanyama, na mwaka 1837, mwaka wa kufa kwake, rafiki yake Mchungaji Albert Knapp alianzisha huko Stuttgart chama cha kwanza cha kuwalinda wanyama katika nchi za Ujerumani. Walikuwa watu wa uamsho, wahubiri wa toba. Wamisionari walipofika Mlalo mwaka 1891, chama hicho kilikuwa na umri wa zaidi ya nusu karne. Lakini somo lake halikupata nafasi kubwa katika mafundisho tuliyoyarithi. Tulirithi nyimbo za uamsho, huruma yake kwa wanyama ikabaki bandarini.

Kwa upande wa maabara, Uingereza ilitunga sheria ya kwanza ya kusimamia majaribio ya wanyama mwaka 1876. Hatua kubwa ya pili ilikuwa kitabu cha William Russell na Rex Burch cha mwaka 1959, kilichotoa mashauri matatu: mnyama abadilishwe kwa njia nyingine pale inapowezekana, idadi ipunguzwe, na njia ziboreshwe ili maumivu yapungue. Waandishi hao walishikilia kwamba huruma na sayansi njema huenda pamoja. Ushahidi umeendelea kuwaunga mkono. Mwaka 2010 Jane Hurst na Rebecca West wa Liverpool walionyesha kwamba panya anayeinuliwa kwa mkia hushikwa na hofu, bali anayeinuliwa ndani ya bomba au katika viganja hutulia. Na mnyama mwenye hofu hutoa majibu yasiyoaminika.

Na Lushoto? Mfano mzuri wa shauri la kwanza umo katika wilaya yenyewe. Mwaka 1993 Kilonzo na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya mbwa wa Lushoto. Mbwa anayekula panya mwenye tauni kwa kawaida hapati ugonjwa mkali, lakini damu yake hubaki na kingamwili. Hivyo damu kidogo ya mbwa wa kijiji yaweza kueleza kama ugonjwa unazunguka mahali hapo, naye mbwa akarudi nyumbani kwa bwana wake. Baadaye vipimo vya vinasaba vimepunguza haja ya kumdunga simbilisi.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inamtaka kila anayeitekeleza atambue kwamba mnyama ni kiumbe mwenye hisia. Jambo hilo lingewafurahisha Dann na Knapp. Lakini sheria haifiki darini, yalipo mahindi. Panya wa maabara hupewa dawa ya usingizi. Panya wa nyumbani hupewa sumu ya kuzuia damu isigande, akafa kwa siku kadhaa akivuja ndani kwa ndani, nasi twalala. Twamkasirikia mtafiti kwa sababu kazi yake huonekana. Sisemi kwamba mama wa Mlalo auache mahindi yake yaliwe. Nasema tusiwahubirie wataalamu huruma ambayo dari zetu haziijui.

Mtego wa bati ulioachwa shambani usiku, katika nchi iliyo kama mita 1,400 juu ya bahari, huwa baridi kiasi cha kumwua panya kabla ya kukucha. Mtegaji mwema hutia ndani majani makavu na chakula, na huitembelea mitego yake alfajiri, jua lisije likaipasha moto. Kazi hiyo humgharimu usingizi wa saa moja, na hakuna mahali inapoandikwa katika ripoti.