Chanjo ya Kifua Kikuu Inavyotibu Saratani ya Kibofu

Wasikilizaji wetu wengi wa Singe na Babati kwa jumla wana kovu dogo begani. Ni alama ya BCG, chanjo wanayopewa watoto wachanga kuwakinga na kifua kikuu. Dawa hiyo hiyo hutibu pia saratani ya kibofu cha mkojo.

Ilitoka wapi?

Wazo ni la zamani. Mwaka 1891, daktari William Coley wa New York alimchoma mgonjwa wa saratani sindano ya bakteria ili kuamsha kinga ya mwili. BCG ilikuja baadaye. Wafaransa Albert Calmette na Camille Guérin walikuza bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe kwa miaka 13 hadi wakapungua makali, na mwaka 1921 mtoto wa kwanza akachanjwa. Mwaka 1976, daktari Alvaro Morales wa Kanada alitoa matokeo ya wagonjwa tisa wa saratani ya kibofu waliotibiwa kwa BCG.

Inafanyaje kazi?

Kwanza daktari huondoa uvimbe. Kisha dawa humiminwa ndani ya kibofu kwa mrija, na mgonjwa huibana kwa takriban saa mbili. Hurudiwa kila wiki kwa wiki sita. Kinga ya mwili huwaona bakteria, hutuma askari wake, nao hushambulia seli za saratani pia. Ni kama mbwa walioamshwa na mbweha, wakamkuta na fisi aliyekwisha kuingia zizini. Mgonjwa anaweza kuhisi mkojo unachoma au kupata homa.

Mipaka yake

Tiba hii ni ya saratani ambayo haijazama kwenye msuli wa kibofu. Saratani inayotokana na kichocho mara nyingi ni ya aina nyingine, na BCG si tiba yake. Pia, kuchanjwa utotoni hakukukingi na saratani ya kibofu.

Ufanye nini?

Ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, nenda kituo cha afya upimwe. Inaweza kuwa kichocho, maambukizi au saratani. Usinunue dawa dukani ukasubiri. Damu ya saratani inaweza kukoma yenyewe kwa wiki kadhaa huku uvimbe ukiendelea kukua.