Mabao ya jioni ya Desemba 2017

Ukipita barazani Mpendae baada ya sala ya Isha, karata zinagawiwa na buli la kahawa halijapoa, uliza tu ni lini timu ya Zanzibar ilicheza mpira wake mtamu kuliko wote. Wazee watakutajia 1995, mwaka Zanzibar ilipokwenda Uganda, ikawafunga wenyeji 1-0 kwenye fainali na kurudi na Kombe la Chalenji. Ndilo la kwanza na mpaka leo ndilo la pekee. Waliokuwa watoto wakati huo, au hawajazaliwa, watasema Desemba 2017, ingawa Desemba hiyo hakuna kombe lililovuka bahari kuja Unguja. Katika ubishi huu mimi nimekaa upande wa vijana.

Wazee wana hoja, lakini. Mashindano hayo yalianza 1926 kwa jina la Kombe la Gossage, Kenya na Uganda peke yao. Tanganyika ikaingia 1945, Zanzibar 1949, na kuanzia hapo Zanzibar ikakaa miaka 46 ikiwasindikiza wenzake. Aliyeisubiri 1995 kwa muda wote huo huwezi kumlaumu akiishikilia kwa mikono miwili.

Ila 2017 ulikuwa mwaka wa namna yake. Mwezi Machi, kule Addis Ababa, Shirikisho la Soka Afrika liliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55. Watu walishangilia kama waliochukua ubingwa. Julai ikaja, shirikisho lilelile likasema lilikosea: nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Uanachama ukafutwa kabla wino haujakauka. Kombe la Chalenji, linalosimamiwa na CECAFA, likabaki kuwa uwanja mkubwa ambako Zanzibar inaweza kusimama kwa jina lake. Ndiyo maana Zanzibar Heroes walipopanda ndege kwenda Kenya chini ya kocha Hemed Suleiman, maarufu Morocco, hawakwenda kukamilisha ratiba.

Walianza kwa kuifunga Rwanda 3-1. Kisha, Alhamisi ya tarehe 7 Desemba, wakakutana na Tanzania Bara.

Mgeni anaweza asielewe uzito wa mechi hiyo. Wachezaji wa pande mbili wanajuana, wengi wamevaa jezi moja kwenye klabu za Ligi Kuu, na mwaka ukigeuka Mzanzibari huyohuyo huitwa Taifa Stars, timu ya Muungano, akacheze bega kwa bega na aliokuwa akiwakaba. Ni mechi ya ndugu, na mechi za ndugu ndizo zenye maneno mengi. Himid Mao akaitanguliza Bara kipindi cha kwanza. Huku nyumbani, anayekumbuka Bara ilivyozoea kutubeba mgongoni, sisi tukiitwa wadogo, alianza kujiandaa kwa utani wa kesho yake kazini.

Kipindi cha pili Zanzibar ikapindua matokeo. Ibrahim Ahmada na Kassim Suleiman wakafunga, mechi ikaisha 2-1. Bara haikunyanyuka tena, ikamaliza mkiani mwa kundi. Zanzibar ikatoka suluhu na Kenya, ikateleza mbele ya Libya kwa bao 1-0, lakini tiketi ya nusu fainali ilishakuwa mfukoni. Kisumu ikawasubiri Uganda, bingwa mtetezi na timu iliyolichukua kombe hili mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Nao wakaondoka na kipigo cha 2-1, bao la ushindi likiwa penalti ya Mohamed Issa, yule Banka.

Fainali ilipigwa Machakos, Jumapili tarehe 17. Kenya walipata bao mapema mno, dakika ya 5, halafu wakalilinda. Saa nzima na zaidi ikapita. Zilipobaki dakika chache filimbi ya mwisho ipulizwe, Khamis Mussa Makame akasawazisha. Katika muda wa nyongeza Masoud Juma akairudisha Kenya mbele dakika ya 97, na watu hawajamaliza kusikitika, Makame huyohuyo akasawazisha tena. 2-2. Bao la jioni ni tamu. Mawili ya mtu mmoja katika fainali ya ugenini ni kitu cha kusimuliwa wajukuu.

Matuta yakaharibu shughuli. Kipa Patrick Matasi aliokoa mikwaju mitatu, Kenya wakashinda 3-2. Zanzibar na matuta hawajawahi kupatana: mwaka 2006 huko Hamburg, kwenye mashindano ya timu zisizo wanachama wa FIFA, ilifika fainali na kufungwa kwa njia hiyohiyo na Cyprus ya Kaskazini.

Timu iliporudi, ilipokewa na umati kama mabingwa, na Rais Ali Mohamed Shein akawazawadia wachezaji fedha na viwanja. Wapo waliosema mshindi wa pili hastahili makubwa hayo. Hao hawakuangalia mechi. Aliyeangalia anajua kwamba timu iliyovuliwa uanachama Julai ilikuwa imelazimisha wenyeji kuhangaika mpaka mkwaju wa mwisho mbele ya watu wao.

Mmoja wa vijana wa kikosi kile, Feisal Salum, alikwenda Yanga mwaka uliofuata, na leo hakuna asiyemjua Fei Toto. Hemed Morocco naye alikuja kukabidhiwa timu ya Muungano, ya Wazanzibari pamoja na ndugu haohao aliowapindua. Januari 2024, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ivory Coast, alisimama ukingoni mwa uwanja wa San Pedro akiiongoza Taifa Stars dhidi ya Zambia. Simon Msuva alifunga mapema, Zambia wakabaki kumi uwanjani, ushindi wa kwanza wa Tanzania katika historia ya mashindano hayo ukawa unanukia. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa.