Gegedu Ligeukapo Mfupa

Msomaji, ulipokuwa tumboni mwa mama yako, mifupa mingi ya mwili wako haikuwa mifupa. Ilikuwa gegedu, kitu laini cha jamii moja na kile kilichomo katika sikio lako, ambacho hukunjika bila kuvunjika. Baadaye palipokuwa gegedu pakawa mfupa. Je, gegedu lenyewe lilikwenda wapi? Swali hili liliwashughulisha wataalamu kwa karne nyingi, nalo linamhusu hata mchunga ngamia wa Garissa.

Katika nchi kame inayoanzia kingo za mto Tana hata Wajir na Mandera, Wasomali wafugaji wana waunga mifupa wao tangu zamani. Mtu akivunjika mguu malishoni, mbali na hospitali, mwunga mifupa huupapasa kwa vidole, huunyoosha, huufunga kwa mabanzi ya miti, kisha humwamuru mgonjwa atulie kwa majuma mengi. Hakuhitaji hadubini ili ajue kwamba mfupa hutaka utulivu na siku. Lakini kwa nini hutaka hivyo?

Huko Uingereza, mwaka 1736, tabibu Robert Nesbitt alichapisha kitabu kuhusu mifupa, akakanusha kwamba gegedu hugeuka kuwa mfupa. Katika karne ya 19 wataalamu walitazama kwa hadubini wakaona chembe hai za gegedu zikivimba, mishipa ya damu ikipenya kati yake, na mfupa ukitokea. Wengi wao wakahukumu kwamba chembe za gegedu hufa zote, na kwamba chembe nyingine huja pamoja na mishipa ya damu kujenga mfupa. Walikuwako waliotia shaka, lakini hukumu hiyo ilifundishwa kwa zaidi ya miaka 100. Wala si ajabu, maana hadubini ilionyesha kipande cha mwili kilichokatwa, na chembe moja haikuweza kufuatwa safari yake yote.

Mfugaji hutia ngamia wake chapa ili amtambue popote aendapo. Wataalamu nao walipata njia ya kutia chembe hai chapa ambayo hata wazao wake huirithi. Mwaka 2014, katika Hong Kong na Marekani, walitia chapa hiyo chembe za gegedu za panya. Baada ya muda waliikuta chapa ndani ya mfupa, katika chembe zile zile zinazojenga mfupa. Hata katika mifupa iliyovunjika na kupona waliikuta. Basi, si chembe zote za gegedu zilizokufa. Nyingine zilibadili kazi.

Sasa litazame tena banzi. Mfupa uvunjikapo, kwanza damu huganda, kisha gegedu hufanya daraja baina ya ncha mbili, ndipo daraja hilo huwa mfupa. Mguu ukitikiswa mno, daraja laweza kubaki laini, na mahali pa mfupa pakawa kama kiungo kisichotakiwa. Hii ndiyo sababu ya utulivu.

Lakini banzi likikazwa kupita kiasi huzuia damu, na pasipo damu mwili hufa. Mguu ambao ungepona huweza kuoza hata madaktari wakalazimika kuukata. Kwa hiyo, ukimwona ndugu yako amefungwa banzi na vidole vyake vimekuwa baridi, vimebadilika rangi, au vimekufa ganzi, usingoje kesho. Banzi na lilegezwe mara moja, na mgonjwa apelekwe hospitalini. Vivyo hivyo jeraha likiwa wazi na mfupa ukionekana.

Mzee mwunga mifupa alijua lililo la lazima bila kujua sababu yake, na mtaalamu wa hadubini aliona mengi bila kuyaona yote. Wewe umepewa kujua yote mawili. Yashike, maana siku moja mguu wa mtu utategemea ujuzi huo.