Picha Kabla ya Kisu

Wiki hii mazungumzo yetu yanahusu mahali ambapo wengi wetu huona haya kupataja: puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Saratani ya hapo ina historia yenye funzo, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwaka 1908 daktari Ernest Miles wa London alieleza upasuaji wa kuondoa puru pamoja na njia ya haja kubwa. Aliyepona alibaki na tundu tumboni la kutolea haja maisha yake yote. Mwaka 1932 Cuthbert Dukes, mtaalamu wa patholojia katika hospitali ya St Mark's, hapo hapo London, aliugawa ugonjwa huo katika madaraja matatu: A, ulio ndani ya ukuta wa puru, B, uliopenya ukuta, na C, uliofika kwenye tezi za limfu. Mpango huo ulisaidia sana. Lakini Dukes alipima nyama iliyokwisha kukatwa. Daktari alimjua adui baada ya vita kwisha.

Na mara nyingi adui alirudi pale pale alipoondolewa. Kwa nini? Mwaka 1982 Bill Heald wa Basingstoke, Uingereza, aliandika juu ya mafuta yanayoizunguka puru, yaliyofungwa katika utando mwembamba. Alisisitiza kwamba daktari akate kwa kuufuata utando huo, atoe mzigo mzima bila kuupasua. Mwaka 1986 Phil Quirke na wenzake wa Leeds walizikata nyama zilizotolewa vipande vyembamba, wakaonyesha kwamba saratani ikifika kwenye ukingo wa mkato, mara nyingi hurudi.

Hapo ndipo swali lilipopatikana: uvimbe uko umbali gani na utando?

Mashine ya kulijibu ilikuwapo. Paul Lauterbur wa Marekani alichapisha picha za kwanza za MRI mwaka 1973, naye Peter Mansfield wa Uingereza akaiendeleza kazi hiyo. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Mimi ninayekula kwa mawimbi ya redio nafurahi kusema kwamba mashine hiyo haitumii eksirei, bali sumaku kali na mawimbi ya redio. Mwaka 1999 Gina Brown na wenzake wa Cardiff walilinganisha picha za MRI za wagonjwa 28 na nyama iliyotolewa baadaye. Kina cha uvimbe kililingana kwa karibu sana. Mwaka 2006 uchunguzi ulioitwa MERCURY, wa wagonjwa 408 katika nchi 4 za Ulaya, ulithibitisha kwamba picha huweza kutabiri kama ukingo utatoka safi.

Faida yake ni kubwa. Uvimbe ukibakiza milimita 1 au pungufu kuufikia utando, kwa kawaida mgonjwa hupewa kwanza mionzi na dawa ili unywee. Ukiwa mdogo na uko mbali, wengi hupasuliwa moja kwa moja, wakaepushwa na madhara ya mionzi. Picha nayo hukosea, hasa kwenye tezi ndogo, lakini daktari haingii tena gizani.

Nionavyo mimi, mashine ilikaa robo karne ikimngoja binadamu apate swali sahihi. Basi wewe au mzazi wako akiambiwa apasuliwe puru, mwulizeni daktari bila haya: uvimbe uko umbali gani na utando? Kuuliza si ujinga.