Cheki Injini Imewaka kwa Ndai Yako ya Kitambo? Kabla Ulaumu Petroli, Soma Hii

Uko Thika Road, umetoka tu kujaza, alafu ile taa ya manjano yenye umbo la injini inawaka kwa dashibodi. Beshte yako wa kiti cha mbele anakushow uweke petroli ile ya bei ghali, eti itazima. Mse, shika doh yako kwanza.

Hiyo taa haipimi mafuta. Kompyuta ya gari inaangalia vile injini inachoma, na ikiona mambo hayaeleweki inaweka namba ya kosa na kuwasha taa. Petroli inaweza kuwa chanzo, lakini kwa ndai ya miaka 15 mara nyingi ni plagi zimechoka, koili imepasuka ama sensa ya oksijeni imezeeka. Hizo hazitibiwi na mafuta yoyote, hata ulipe ngapi.

Watu huchanganya hii maneno ya oktani. Ni kipimo cha vile petroli inavumilia kufinywa bila kujilipua mapema. Si nguvu, si usafi. Vitz ama Probox ilitengenezwa kwa petroli ya kawaida ya Japan, ambayo oktani yake inaanzia 89, so super ya hapa inaitosha kabisa. Ka uko na Subaru ya tabo ama Golf, hiyo ni stori ingine. Soma kile kibandiko kiko ndani ya kifuniko cha tanki. Ukiipa oktani ya chini kuliko ilivyoandikwa, inaanza kugonga ukipanda mlima, sauti kama misumari kwa mkebe. Kompyuta hujaribu kuiokoa kwa kupunguza nguvu, na saa zingine taa haiwaki hata.

Na hapa kuna kitu wasee wengi hawajui: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hivyo injini isiyo na tabo inahitaji oktani kidogo zaidi huku kuliko Pwani. Ndio maana gari inaweza kutulia mwaka mzima Umoja, alafu ianze kugonga ukifika Mombasa na mzigo na joto.

Noma yenyewe ni petroli iliyochanganywa na mafuta taa. Hii ilikuwa biashara kubwa ya walaghai hadi 2018 serikali ikaweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa, juu bei yake ya chini ndiyo ilikuwa inawavutia. Mafuta taa hayachomeki vizuri kwa injini ya petroli. Plagi zinajaa masizi, silinda zinakosa moto, na mafuta ambayo hayajachomeka yanaenda kupikwa kwa kataliti, kile chombo cha kusafisha moshi kwa egzosti. Kununua ingine ni maumivu ya mfuko.

So ikiwaka, angalia inawaka aje. Ikitulia tu na gari inaenda poa, una muda wa kufika kwa fundi. Ikipepesa na gari inatetemeka, weka kando, zima. Hapo kataliti ndiyo inaungua.

Kwa fundi, mwambie akusomee namba kabla afute chochote. P0300 ni silinda kukosa moto, P0171 ni hewa nyingi kuliko petroli, P0420 ni kataliti. Akifuta bila kurekebisha, taa itarudi wiki hiyo hiyo na ushalipa.

Ka shida ilianza kilomita chache tu baada ya kujaza, na gari haivuti, hapo shuku petroli. Dondosha tone kwa karatasi nyeupe: petroli safi hukauka bila alama, mafuta taa huacha doa la grisi. Haiwezi kukusaidia kortini lakini inakupa picha. Usiongeze mafuta ghali juu yake, mwambie fundi amwage tanki na aweke kiasi kwa chupa. Risiti usitupe, EPRA wakipokea malalamishi watataka kujua ulijaza wapi na saa ngapi.