Vyama vya Siasa vya Eneo Moja na Midahalo ya Uchaguzi wa Taifa: Katiba na Sheria Zinavyoelekeza

Kila unapokaribia Uchaguzi Mkuu, swali moja hurejea katika mazungumzo ya wananchi wa Wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kama linavyorejea katika maeneo mengine yaliyo mbali na miji mikuu: je, chama chenye nguvu katika eneo moja tu la nchi kinastahili nafasi katika mdahalo wa kitaifa? Swali hilo lina uzito. Mdahalo ni moja ya fursa chache ambapo mpiga kura wa Katesh, Haydom au Dongobesh humsikia mgombea wa Urais akijibu hoja badala ya kutoa hotuba. Atakayeachwa nje ya ukumbi huondoka na hoja za wale wanaomuunga mkono.

Makala hii inaeleza msimamo wa Katiba na sheria za nchi, historia iliyouzaa msimamo huo, na namna suala kama hilo lilivyoshughulikiwa katika nchi nyingine.

Chama cha eneo moja hakisajiliwi

Ibara ya 20 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya Mwaka 1977 inatoa uhuru wa kukutana na kujiunga na vyama. Ibara ndogo ya (2) inaweka mipaka kwa vyama vya siasa. Chama hakiwezi kuandikishwa iwapo kwa mujibu wa katiba au sera yake kinakusudia kukuza maslahi ya imani au kundi la dini, kabila, pahala watu watokeapo, rangi, jinsia, au eneo fulani tu la Jamhuri ya Muungano. Vilevile, hakiandikishwi chama kinachopigania kuvunjwa kwa Muungano, kinachokubali matumizi ya nguvu, kinachotaka kuendesha shughuli zake katika sehemu moja tu ya Muungano, au kisichoruhusu viongozi wake kuchaguliwa kwa vipindi na kwa njia za kidemokrasia.

Sheria ya Vyama vya Siasa, Namba 5 ya Mwaka 1992, imeliweka sharti hilo katika hesabu. Chama hupata kwanza usajili wa muda. Kwa sheria hiyo ilivyotungwa, ndani ya siku 180 kilitakiwa kiwe kimepata wanachama wasiopungua 200 wenye sifa ya kupiga kura katika kila mkoa kati ya mikoa isiyopungua 10, na angalau miwili kati ya hiyo iwe Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba.

Kwa hesabu hiyo, chama kinaweza kuwa na maelfu ya wanachama katika vijiji vyote vya Mbulu na Hanang, kikakosa usajili wa kudumu. Hata kikienea katika mikoa yote ya Kaskazini na ya Kanda ya Ziwa, bado hakitatimiza sharti bila wanachama wa Unguja na Pemba. Sharti la aina hiyo hutumika pia katika uteuzi wa mgombea wa Urais, ambaye hutakiwa kuungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 200 kutoka kila mkoa katika mikoa isiyopungua 10, ikiwamo miwili ya Zanzibar.

Kwa hiyo, chama ambacho kwa katiba yake au sera yake ni cha mkoa mmoja hakifiki katika mdahalo, kwa sababu hakifiki hata katika daftari la Msajili wa Vyama vya Siasa.

Chimbuko la masharti hayo

Masharti haya yana historia. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, Tanzania ilikuwa na vyama viwili, kila kimoja na upande wake: TANU kwa Tanganyika na Afro-Shirazi Party kwa Zanzibar. Katiba ya Muda ya Mwaka 1965 iliutambua mfumo wa chama kimoja kwa sura hiyo ya vyama viwili. Hali hiyo ilikoma tarehe 5 Februari 1977, vyama hivyo vilipoungana na kuunda Chama Cha Mapinduzi.

Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa rasmi tarehe 1 Julai 1992, kufuatia kazi ya Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, wasiwasi mkubwa ulikuwa kwamba vyama vipya vingejengwa juu ya ukabila, udini au upande wa Muungano. Sharti la mikoa 10 lilikuwa jibu la wasiwasi huo, na vyama vilivyoanzishwa vililazimika kulizingatia. Civic United Front (CUF) iliundwa mwaka 1992 kwa kuunganisha vuguvugu la Zanzibar na kundi la Tanzania Bara. Democratic Party ya Mchungaji Christopher Mtikila, kwa upande wake, haikupata usajili wa kudumu kwa miaka mingi kutokana na msimamo wake kuhusu Muungano, hadi mwaka 2002.

Kura zinapotoka eneo moja

Hapa ndipo penye mkanganyiko kwa wananchi wengi. Katiba inazuia chama kuwa cha eneo moja kwa madhumuni na kwa shughuli zake. Haikizuii chama cha kitaifa kupata kura zake nyingi katika eneo moja. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Uchaguzi Mkuu wa mwaka 1995 ni mfano mzuri. Wagombea wanne wa Urais, Benjamin Mkapa wa CCM, Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi, Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF na John Cheyo wa UDP, walishiriki mdahalo wa pamoja. Matokeo yalipotoka, viti vya majimbo vya CUF katika Bunge la Muungano vilitoka Zanzibar, na ngome ya UDP ilionekana kuwa Bariadi na maeneo jirani, yaliyokuwa mkoani Shinyanga wakati huo. Kama kigezo cha mdahalo kingekuwa kuenea kwa kura, huenda wawili kati ya wanne wangeachwa. Kwa kuwa kigezo kilikuwa ugombea halali, mpiga kura aliwasikia wote na akaamua mwenyewe.

Ikumbukwe kwamba sheria haimlazimishi mgombea kushiriki mdahalo. Mwaka 2015, mdahalo wa wagombea wa Urais ulifanyika jijini Dar es Salaam bila wagombea wa vyama viwili vilivyokuwa na ushindani mkubwa zaidi. Waliohudhuria walikuwa wa vyama vidogo. Mwaka huo ugumu haukuwa kuwaingiza wadogo, bali kuwaleta wakubwa.

Funzo la Mbulu la mwaka 1960

Mbulu ina nafasi ya pekee katika historia hii. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika wa Agosti 1960, TANU ilishinda viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichosalia kilikuwa cha Mbulu, ambayo wakati huo ilijumuisha pia eneo la Hanang ya leo. Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama kama mgombea binafsi, alimshinda mgombea rasmi wa chama, Chifu Amri Dodo.

Wapiga kura wa Mbulu hawakuikataa TANU wala harakati za uhuru. Walikataa uteuzi ambao hawakuuona kuwa wao. Walipata njia ya kulisema hilo ndani ya siasa za taifa, bila kuanzisha chama cha Mbulu.

Njia hiyo haipo leo. Katiba inamtaka mgombea wa Urais au Ubunge awe mwanachama na mgombea aliyependekezwa na chama cha siasa. Suala la mgombea binafsi lilifika Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 2010 ilieleza kuwa ni la Bunge kuliamua. Tarehe 14 Juni 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kuwa zuio hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Mjadala huo unahusiana moja kwa moja na swali la vyama vya eneo: pale ambapo chama cha eneo hakiruhusiwi na mgombea binafsi haruhusiwi, sauti ya eneo hubaki na mlango mmoja tu, yaani vyama vya kitaifa vyenyewe.

Mlango huo si mdogo. Mwaka 2010, Jimbo la Mbulu lilimchagua mbunge wa CHADEMA, ilhali jirani yake Hanang ilimchagua mbunge wa CCM. Ardhi ya uwanda wa Basotu, ambako wafugaji wa Kibarabaig walipoteza malisho kwa mashamba ya ngano ya NAFCO, ilifika Mahakama ya Rufani mwaka 1985, na hoja za aina hiyo zilitangulia mjadala wa kitaifa uliozaa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za Mwaka 1999. Maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023, yaliyoua zaidi ya watu 80, hayakuhitaji chama cha Hanang ili yawe msiba wa taifa.

Hata hivyo, jamii ndogo kama ya Wahadzabe wa Yaeda Chini haina idadi ya kura inayoweza kuamua jimbo. Kwao, swali linaloulizwa katika mdahalo linaweza kuwa na thamani kuliko kiti bungeni.

Nchi nyingine

Nchini Kenya, Ibara ya 91 ya Katiba ya Mwaka 2010 inakataza chama kujengwa juu ya dini, lugha, rangi, kabila, jinsia au eneo. Katika mdahalo wa Urais wa tarehe 11 Februari 2013, wagombea wote 8 walishiriki, baada ya mgombea Paul Muite kwenda mahakamani kupinga kuachwa nje.

Canada imechukua njia tofauti. Bloc Québécois husimamisha wagombea katika jimbo la Quebec pekee, na mwaka 1993 kilikuwa chama kikuu cha upinzani bungeni. Kiongozi wake hualikwa katika midahalo ya taifa ingawa hawezi kupigiwa kura na wananchi wa majimbo mengine.

Uingereza ilionesha ugumu wa njia hiyo. Mdahalo wa tarehe 2 Aprili 2015 ulikuwa na viongozi saba, wakiwamo wa vyama vya Scotland na Wales, lakini vyama vya Ireland ya Kaskazini viliachwa. Chama cha DUP kililalamika, kwa kuwa kilikuwa na wabunge wengi kuliko chama cha Wales kilichoalikwa. Ukilikubali eneo moja, ni vigumu kueleza kwa nini jingine limekataliwa.

Mwananchi azingatie nini

Kwa Tanzania, jibu la kisheria liko wazi. Chama cha mkoa hakipo, na kila mgombea wa Urais aliyeteuliwa na Tume amekwisha kuthibitisha kuungwa mkono katika pande zote mbili za Muungano. Kwa sababu hiyo, ni vigumu kumwita mgombea huyo wa eneo kwa kuwa tu kura za chama chake hutoka upande mmoja, na kigezo cha uteuzi ndicho kinachoeleweka kwa urahisi zaidi na wote.

Kilichobaki mikononi mwa mwananchi ni maudhui. Mpiga kura wa Mbulu au Hanang anaweza kusoma ilani za vyama vyote, kuhudhuria mikutano ya kampeni kwa kufuata ratiba iliyotolewa na Tume, na kuwauliza wagombea wa Udiwani na Ubunge namna vyama vyao vitakavyoshughulikia maji, malisho, barabara na tahadhari za maafa. Mgombea anayeomba kura za taifa zima anawajibika kujibu swali linalotoka Katesh kama anavyojibu linalotoka Dar es Salaam.