Ada ya Mlangoni: Funzo la Kenya, 1989

Mwaka 1965 Serikali ya Kenya ilifuta ada za matibabu kwa wagonjwa wa nje katika vituo vyake. Desemba 1989, hazina ikiwa imeelemewa na wafadhili wakishinikiza marekebisho ya uchumi, ada zilirudi kwa jina la upole: kuchangia gharama. Hoja ya watetezi wake haikuwa ya kupuuzwa, kwani matibabu ya bure katika zahanati isiyo na dawa ni ahadi tupu.

Hata hivyo, takwimu za kliniki moja ya rufaa ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi ni ushahidi mzito. Katika kipindi cha ada, mahudhurio ya wanaume yalishuka hadi asilimia 40 hivi ya yale ya awali. Ya wanawake, asilimia 65 hivi. Sioni sababu ya kuamini kwamba maradhi nayo yalipungua hivyo, tena katika miaka ambayo UKIMWI ulikuwa ukienea. Septemba 1990 ada zilisitishwa. Mwaka 1992 zikaanza kurejeshwa.

Kutokana na historia hiyo, ninashikilia msimamo huu: mwananchi achangie akiwa mzima, kwa kadiri ya kipato chake, asidaiwe mlangoni akiwa mgonjwa. Ada ya mlangoni haimsumbui tajiri. Humrudisha maskini nyumbani kimyakimya, na asiyefika hahesabiwi. Anayepanga mageuzi ya bima leo aanze kwa kumtafuta huyo ambaye jina lake halimo daftarini.